Neno Ambalo Kapinga Hakulimaliza

Yaya Odette, dada yangu mkubwa,

Naogopa. Nilitaka kukusalimu vizuri kwanza, nikupe habari za Likasi, lakini hili haliwezi kungoja. Kesho kisha misa anakuja kaka wa marehemu mume wako kutoka Kambove. Anataka kumchukua mtoto wako. Amesema atamuuliza Kapinga mbele ya watu wote, "Mama mudogo wako anakufanya namna gani?" Mtoto akilalamika, wanaondoka naye palepale.

Mama mudogo ni mimi, Yaya. Mimi uliyenishika mkono pale hospitalini ukaniambia, "Mutoto ni wako sasa."

Alhamisi nilikuwa ndani nachekecha unga wa kusongea bukari. Kapinga alikuwa uani na jirani yetu, Mama Béa. Nikamsikia anasema, "Mama mudogo ananionea..." Papo hapo mashine ya kusaga ya ng'ambo ya barabara ikaanza kunguruma, na sikusikia tena kitu. Nilibaki na chekeche mkononi.

Ananionea nini?

Unakumbuka ile siku ya samaki? Uliniachia kipande chako, nami nikakimbia kwa Baba mdomo umejaa: "Yaya ananionea..." Nikakwama kwa mwiba. Baba hakungoja, alikuchapa. Maskini mimi, nilitaka kusema ananionea huruma! Ulilia, kisha ukacheka na machozi hayajakauka: "Weye! Siku ingine umalize neno!" Tangu siku ile, kila nikija kwako kulalamika, unaniuliza, "Anakuonea huruma, ao anakuonea tu?" Ulisema neno hilo likibaki peke yake, bila mwenzake, kuna muntu anaumia.

Basi siku hizi mbili neno la Kapinga nalitafutia mwenzake. Labda alisema huruma. Labda wivu. Hata haya, Mungu wangu, ningeshukuru.

Lakini wewe sikudanganyi. Mwezi uliopita alimwaga unga, nikampiga na mwiko, na alama bado iko kwenye mkono wake. Wanangu wanakula, yeye anaosha vyombo kwanza. Siku ile ya unga nilimwambia pia, "Hapa si kwenu." Hakulia. Alipiga magoti akaukusanya unga kwa viganja, kisha akanitazama kwa macho yako. Niliona hasira, Yaya, badala ya kuona aibu. Sijui ni nini kilichoniingia. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nakulilia wewe, na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Sasa kila pikipiki ikisimama mlangoni, nakimbia dirishani kuchungulia. Jana nilimpa kipande kikubwa cha samaki kuliko cha wanangu. Alikitazama bila kukigusa, akaniuliza polepole, "Mama mudogo, nimekosa nini?"

Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko.

Leo asubuhi nilimwita nimfundishe la kujibu kesho. Alikaa chini kati ya magoti yangu, nikaanza kumsuka. Maneno nilikuwa nimeyapanga yote. Nilipoona shingo yake ilivyojikunja kila nilipoinua mkono kuchukua kitana, nikayaacha. Nilimsuka hadi mwisho na sikumfundisha kitu.

Lala salama, Yaya wangu. Ukikutana na Baba huko, mwambie kosa la samaki lilikuwa langu.

Kesho, kabla shemeji yako hajafungua mdomo, nitasimama mimi. Nitasema nilimuonea. Sitaongeza kitu mbele wala nyuma. Kisha nitamwomba Kapinga msamaha, watu wote wakisikia. Wakimchukua, basi... hapana, hiyo siwezi kuiandika. Naogopa mno.

Lakini sitamwachia mtoto wa miaka tisa abebe neno hilo peke yake. Ulisema nimalize. Kesho nalimaliza.

Mudogo wako,
Thérèse