Siku Tatu Kilimani Bila Kusema

Mjukuu wangu Mwende,

Habari za Nairobi? Huku Migwani tuko salama, mbuzi amezaa mapacha, na mamako anakusalimia. Umeniuliza kama ni kawaida kuogopa kabla ya kwenda hiyo kambi ya ukimya msituni.

Mimi niliogopa sana. Babu yako alikuwa ameenda kutafuta kazi Makindu, na kwa miezi minne sikuwa nimesikia neno. Akina mama wa kanisa wakanichukua tukaombe kilimani siku tatu, bila kuongea. Katika kile kimya, mawazo mabaya yalinijia moja baada ya jingine. Siku ya pili nikafunga vitu vyangu kwa leso nishuke nyumbani. Kiongozi wetu, mama mzee Kalekye, akanifuata mpaka njiani. Akanishika mkono, na wake ulikuwa unatetemeka kuliko wangu.

"Hata wewe?" nikamwuliza, nikivunja sheria.

"Kila mwaka," akanong'ona. "Twende tukae."

Tukakaa kwenye jiwe moja mpaka jua likatua. Babu yako alirudi wakati wa mavuno, lakini siku hiyo sikujua kama atarudi. Nilikaa tu, bado naogopa.

Beba sweta. Na ukitoka huko nipigie simu siku hiyo hiyo, maana na mimi nitakuwa na wasiwasi.

Susu wako