Herufi za Kwenye Kisu

Jumanne, 10 Oktoba

Leo nimekwenda kwa mzee Evert Terpstra, ile nyumba nyembamba nyuma ya kanisa kuu. Miaka themanini na sita, mjane, na ngazi anazipanda kunishinda. Januari anahamia makao ya wazee. Chumba chenyewe ukuta mmoja ni dirisha, mwingine ni kabati. Kwa hiyo ile picha ya kuchorwa ya ukutani inauzwa, nasi wa nyumba ya mnada ndio tutakaoiuza. Kahawa, biskuti moja, kopo likafungwa – nikajua niko kwa watu wa kwetu Uholanzi, biskuti hazizidi moja.

Picha! Kahawa ilipoa. Meza, jibini lililokatwa, samaki wa chumvi kwenye sahani ya bati, limau lililomenywa nusu, kisu kimechomoza nje ya ukingo wa meza. Imejaa moshi wa biri za baba yake. Na kwenye bapa la kisu kuna herufi. Mzee alinionyesha kwa kidole kabla sijaziona. “Hizo ndizo nilizojifunzia kusoma, binti. Mama alinipakata hapa hapa, akanishika kidole.” Anasema hataki utajiri. Anataka makumbusho ya mji yainunue, maana ni mwendo wa dakika kumi tu kutoka huko anakohamia. Awe anaitembelea Jumapili.

Nimeipiga picha kwa simu. J. Reyn – mchoraji wa kale Joost Reyniersz, wa hapa hapa Haarlem! Kazi zake zinazojulikana ni saba tu. Nimerudi ofisini natembea kama niliyeokota kitu.

Alhamisi, 12 Oktoba

Picha imefika ofisini. Bosi wangu Liesbeth hakuinama hata kuitazama. Anasema madalali wa zamani walikuwa na mchezo wa kuokota picha isiyojulikana mchoraji wake na kuibandika jina la mchoraji maarufu. “Jorinde, ukiniletea Reyniersz mwingine wa bandia, watu watatucheka mpaka Pasaka.” Mwaka jana nilimletea mmoja. Hajanisamehe.

Sisi tunafundishana hivi: sahihi ya kweli imekauka pamoja na picha, haitoki. Ya uongo imekaa juu ya vanishi, ule utando wa kung’arisha na kulinda picha, inafutika. Fundi wa kusafisha ana foleni ya wiki tatu. Katalogi ya mnada inafungwa Jumatatu.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nimefanya jambo baya.

Saa ya chakula wenzangu walikuwa chini na mikate yao. Nikachukua kijiti cha pamba na asetoni, dawa inayoyeyusha vanishi na, ukizidisha, hata rangi yenyewe. Kazi hiyo si yangu. Yangu ni kuandika katalogi. Lakini nilitaka nimwonyeshe Liesbeth kwamba herufi hazitoki. Nikasugua J peke yake. Nikasugua kwa nguvu, nijihakikishie. Ikatoka.

Nikasema basi, ya bandia, yamekwisha. Kisha nikaitazama pamba kwa lenzi. Kando ya ule weusi kulikuwa na kijivu, rangi ya kisu chenyewe, na vimechanganyikana. Mchoraji aliandika jina lake rangi ya kisu ikiwa bado mbichi. Mkono mmoja, siku moja. Ilikuwa ya kweli, na mimi nimeichubua.

Hapo ningeacha. Ningemwita Liesbeth, anifokee, yaishe. Nikasikia viatu vyake kwenye ngazi nikafuta zilizobaki. Naliandika hapa kwa sababu sina pengine pa kulisema: herufi moja niliiharibu kwa ujinga, nne nilizifuta kwa makusudi.

Akauliza vipi ile sahihi. Nikamwambia hakuna, ulikuwa uchafu. “Si nilikwambia?” Akaenda zake.

Jumatatu, 30 Oktoba

Katalogi imetoka. Namba 112: Mchoraji wa Haarlem asiyejulikana, karne ya kumi na saba. Haina sahihi. Maneno yangu hayo. Mama mmoja wa makumbusho amepiga simu, mpole sana: bila jina hawawezi, samaki wa namna hiyo wanao wa kutosha stoo.

Naona aibu hata kusugua vyombo nyumbani. Hata pamba za kupangusia uso ninazitupa mbali na nyumba, sijui kwa nini.

Jumamosi, 18 Novemba

Siku ya watu kuja kutazama picha kabla ya mnada. Mzee Evert amekuja na mpwa wake, Hanneke. Mzee alisimama mbele ya kisu muda mrefu, pua karibu iguse. Roelof, anayetundika picha, akamtania, “Mzee, samaki huyo muda wake umepita miaka mia tatu na ushee.” Hakucheka.

Akaniuliza herufi ziko wapi. Jibu nilikuwa nalo tayari: vumbi lilipofutwa hazikuonekana, pengine ilikuwa mikwaruzo tu.

“Lakini wewe si uliziona siku ile? Nilikuonyesha.”

Nikasema nilikuwa natazama limau.

Nimelisema hilo. Usoni pake.

Hanneke akamshika mkono, “Mjomba, ulikuwa na miaka minne.” Mzee akaniambia mimi, si Hanneke, kwamba kaka yake Sietse alianza hivyo hivyo. Alikumbuka vitu ambavyo havikuwepo. Mwishowe akawa hamjui hata ndugu yake. “Basi, na mimi zamu yangu imefika.”

Nilimtafutia kiti. Nikamletea maji.

Jumatatu, 20 Novemba

Ile picha ya simu bado ninayo. J. Reyn, unasoma bila miwani. Nikiionyesha, kazi sina, na katika fani hii hakuna atakayenipa nyingine. Nisipoionyesha, mtu mwenye akili zake timamu anaingia makao ya wazee akiamini zimemtoka. Nimelipima hilo siku mbili nzima. Kwamba nalipima tu, najichukia.

Jumatano, 22 Novemba

Naandika mnadani, kwenye benchi la wanaopokea simu za wanunuzi. Liesbeth yuko juu na nyundo ya kunadia. Inauzwa namba 91.

Mzee yuko safu ya pili, amevaa tai. Kabla hatujaanza alinifuata hapa. Jana Hanneke alimpeleka kwa daktari kupimwa kumbukumbu, wakamwambia achore saa. Anasema aliichora vizuri, ila siku hizi hajiamini. Hanneke amemnunulia kidaftari cha kumkumbusha mambo: saa za dawa, jina la muuguzi. Akanipa kalamu.

“Niandikie wewe, binti, mwandiko wako unasomeka. Andika: Kwenye kisu hakukuwa na herufi. Nisije nikawachosha watu huko na hadithi zangu.”

Nikaandika. Akaisoma kwa kidole, neno kwa neno, akanishukuru kwa uvumilivu wangu.

Namba 104. Kila nikiinua macho naye ananitazama, ananipungia.

Namba 109. Wanakwenda haraka leo.

Namba 111. Mteja wangu yuko hewani, mwenye hoteli huko pwani Zandvoort, anataka 112 ya kutundika chumba cha kulia. Ameuliza kama kuna lolote kuhusu hiyo picha ambalo halimo kwenye katalogi. Nimemwambia asubiri kidogo. Bado anasubiri, namsikia anavyopumua. Roelof ameshaibeba, anaiweka mbele. Liesbeth ananiashiria, niko tayari? Nimesimama, simu ya mteja nimeibana begani, yangu iko juu ya ukurasa huu, imefunguka kwenye ile picha: J. Reyn.