Sauti ya Bi Zena Haikuingia

Jumamosi. Mombasa. Mawingu mazito tangu alfajiri.

Mvua inanyesha, inaacha, inanyesha tena. Nguo nilizoanika juzi bado zina unyevu na chumba kizima kinanuka uvundo. Nimekaa kitandani hapa Majengo, na mkoba wangu wa sauti uko sakafuni, zipu wazi, nyaya nje. Sijaugusa tangu ile Jumatano ya juma lililopita.

Leo nilikwenda hospitali kumtazama Bi Zena. Nimerudi na kitu kifuani nisichojua pa kukiweka, ndiyo maana naandika.

Kwa wasionijua, kazi yangu ni kunasa sauti. Wakija watu wa filamu au matangazo, mimi ndiye yule mwanamke aliyejifunga mkoba mzito kifuani, hedifoni juu ya mtandio, ambaye kila mtu humsahau mpaka ndege ipite na aseme tusimame kidogo. Naipenda kazi hii. Niseme naipenda, maana leo sina hakika nikisema ninaijua.

Bi Zena ni wa Bondeni. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeongoza nyimbo za wanawake kwenye harusi za kwetu. Hata yangu aliiimba yeye. Ndoa yenyewe haikudumu, lakini watu hadi leo hunisimulia ile harusi. Bintiye, Rukia, tulisoma pamoja chuo cha Kurani tukiwa watoto, tukichapwa pamoja kwa kucheka.

Mwezi uliopita Rukia alinipigia simu. Mamake ana uvimbe kooni, na madaktari wameamua kukitoa kikoromeo chote.

"Atapona inshallah," akaniambia, "ila hatasema tena. Nataka uinase sauti yake kabla ya siku hiyo."

Halafu akaongeza kwamba ana mimba. Amengoja mtoto huyu hadi sote tulishaacha kumuuliza. Bi Zena alikuwa na maneno ya kumwambia mjukuu ambaye hajamwona bado, na alitaka ayaseme kwa mdomo wake.

Nilikubali kabla hajamaliza.

Kinasa sauti kidogo mezani kingetosha. Hilo nalijua sasa. Lakini Bi Zena alitaka kutembea. Alitaka kutoka kwake Bondeni kwa miguu, apite Ndia Kuu akiwaamkia watu, hadi nyumba aliyozaliwa, ambayo sasa anakaa dada yake, Bi Salma. Maneno ya mjukuu angeyasema kule juu, orofani, katika chumba alichozaliwa yeye. Kwa hivyo nikawavalisha maiki ndogo wote watatu, yeye, Bi Salma na Rukia, kila mmoja na transmita yake ya kurusha sauti kiunoni chini ya nguo. Kwenye mkoba wangu nikaweka risiva tatu za kuwapokea.

Hapa lazima nieleze jambo la kiufundi, maana ndilo lililonimaliza.

Kila risiva inataka antena mbili. Risiva tatu, antena sita, zote zimechomoza kwenye mkoba mmoja na zinasumbuana. Ndiyo maana nilinunua kigawanya antena. Ni kijisanduku cha ukubwa wa mche wa sabuni. Antena zinabaki mbili tu, zinakamata mawimbi, nacho kinazigawia risiva zote. Mkoba unakuwa mwepesi na safi. Niliufurahia kama mtu aliyehamia nyumba mpya.

Lakini kijisanduku hicho kinakula umeme. Risiva zangu zina betri zake ndani, hata zikikosa umeme wa betri kubwa ya mkoba zinaendelea kuwaka. Kigawanya hakina betri. Kinategemea waya mmoja mwembamba kutoka kwa ile betri kubwa. Waya huo ukiachia, risiva zinabaki zimewaka vizuri, taa kijani, na hazisikii chochote.

Nilikuwa nayajua haya yote. Nimewahi hata kumfundisha mtu.

Ile Jumatano jua liliwaka. Bi Zena alivaa leso mpya ndani ya buibui na akatoka mlangoni kwake kama bibi harusi. Sauti yake ilikuwa imeshakwaruza, lakini bado ilikuwa yake. Njia nzima alikuwa akisimamishwa. "Wambaje, Bi Zena?" "Sijambo, mwanangu, mamako hajambo?" Muuza viungo mmoja alimkataza asipite bila kunusa iliki yake. Alinusa, akamwambia ni kuukuu, akacheka mpaka akakohoa. Hedifoni zangu zilileta kila kitu, mpaka ndara zake juu ya mawe.

Tukafika. Nyumba ni ya zamani, kuta za mawe nene, ngazi nyembamba na zenye giza. Chumba ni kidogo, na Rukia alitaka mamake awe na familia tu. Mimi nikakaa ngazini, nje ya mlango ulioachwa wazi, mkoba mapajani. Nadhani ndipo ule waya ulipobanwa, nilipoukunja mkoba ili nikae.

Bi Zena alianza kwa bismillahi. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, mimi ni nyanyako."

Sauti ikakatika. Ikarudi. Ikakatika.

Nikazilaumu kuta. Nikainua mkoba, nikapanda kidato kimoja, na sauti ikarudi. Nikajiambia, naam, ni kuta. Kumbe kila nilipoinua mkoba nilikuwa nauachilia waya ushike tena kwa sekunde moja mbili. Nikapanda kidato kingine. Nikazigeuza antena huku na huku. Nilitazama risiva, zote zinawaka. Nilitazama pia vile vijistari vya mawimbi vikishuka, na vyote vitatu vilishuka kwa pamoja.

Hapo ndipo ningejua. Ukuta hauwezi kuwakata watu watatu kwa mpigo mmoja, na Bi Salma alikuwa amekaa mlangoni, nikinyoosha mkono namgusa. Kinachoweza kuwanyamazisha wote mara moja ni kile ambacho wote wanapitia, yaani kigawanya.

Halafu kukawa kimya kabisa.

Kwa masikio yangu, kupitia mlangoni, nilikuwa nasikia mnong'ono wa sauti yake bila kuyapata maneno. Kwenye hedifoni hapakuwa na kitu. Ningesema "Bi, samahani, subiri." Maneno mawili matatu tu. Lakini alikuwa ameshika mkono wa Rukia na kuuweka pamoja na wake juu ya tumbo la mimba, na nikasikia kama anaimba, kidogo, wimbo wa kubembelezea mtoto. Sikuthubutu. Nikaingiza mkono mkobani nikipapasa waya mmoja baada ya mwingine. Nilipoupata ule mwembamba, nikausukuma, na sauti ikarudi yote, safi.

Ilirudi na mlio wa mtu anayekunywa maji. Alikuwa ameshamaliza.

Aligeuka akanitazama pale mlangoni, jasho kwenye paji la uso.

"Umeyapata, mwanangu?"

Nikasema, "Nimeyapata, bi."

Sijui kwa nini nilisema vile. Yaani najua. Alikuwa amechoka, mkono uko kooni, na Rukia analia kwa furaha. Nilijiambia nitamwumiza nikimwomba arudie. Pengine kuna kilichoingia, nikajidanganya, nitasafisha nyumbani. Bi Salma akaniletea mahamri na chai, nikanywa.

Nyumbani nilisikiliza. Ukiondoa bismillahi, "mimi ni nyanyako" na vipande viwili vya neno, hapana kitu. Wimbo haumo.

Upasuaji ulikuwa Ijumaa. Alhamisi ilikuwepo, nzima. Nilikichukua kinasa sauti kidogo, nikakitia mfukoni, nikaenda Bondeni mpaka mlangoni kwao. Nikainua mkono nibishe hodi, nikamsikia ndani akikohoa, kikohozi kirefu. Nikaushusha mkono. Nikarudi.

Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona tangu siku ile. Amekonda. Ana kitundu shingoni na kitambaa juu yake, na anapumua kupitia hapo. Aliponiona akatabasamu, akanishika mkono, akaanza kusema. Midomo inakwenda, sauti haipo, pumzi tu. Niliinama karibu. Mtu mwenye kazi ya kusikiliza, na sikuambulia hata neno.

Rukia akanitafsiria. "Anakuuliza umekula."

Nilijibu kwamba nimekula. Nikatazama dirishani mpaka nikaweza kumtazama tena.

Alipolala, Rukia alinitoa nje kwenye korido. Tumbo limeanza kuonekana. Akaniambia hataki kuniharakisha, anajua kazi yangu ina mambo mengi, lakini kama iko tayari anataka kuisikia. Hasa ule wimbo.

Nikamwambia. Sikumweleza habari za waya wala antena, hazimhusu. Nilimwambia ya njiani yapo yote, ya juu hayapo, na kwamba nilijua palepale.

Muuguzi alipita na toroli, tukajisogeza ukutani kumpisha.

"Ulijua palepale?"

"Ndiyo."

"Ungesema. Angerudia. Kwangu mimi angerudia hata mara kumi."

Nikamwambia, huku najichukia kwa kulisema, kwamba yeye alikuwepo, aliyasikia. Tunaweza kukaa ayasimulie yeye, tuyahifadhi kabla hajayasahau.

"Maneno ninayo," Rukia akasema. "Siwezi kuyasahau. Mimi nilikuja kwako kwa ajili ya sauti."

Hakupandisha sauti. Hakunitukana. Alirekebisha mtandio wake, akarudi ndani kwa mamake, akaufunga mlango taratibu ili usimwamshe.

Nilirudi kwa miguu kwenye mvua. Sikuwa na haraka ya kufika.

Tangu Jumatano ile nimekuwa nikijiambia kwamba nilimhurumia Bi Zena. Ni maneno mazuri na yananifanya nionekane mtu mwema. Lakini huruma ingemwachia yeye mwenyewe achague, arudie au apumzike. Ilikuwa sauti yake, na siku zilizobaki za kuitumia zilikuwa zake. Mimi nilimchagulia nikiwa nimekaa ngazini, kwa sababu sikutaka watu watatu ninaowaheshimu wageuke wanitazame na kuona nimeshindwa kazi yangu.

Nilikuwa namhurumia nani, hasa?

Asubuhi nitakwenda Bondeni. Nitampelekea Rukia ile sehemu ya njiani, jinsi ilivyo, bila kuikatakata wala kuipamba. Mamake yumo, anaamkia watu, anamsuta muuza iliki, anacheka. Haitoshi, na sitamwambia inatosha.

Akinifungulia, nitaingia. Asiponifungulia, ana haki.