Baba Amesimama Mlangoni

London, Jumapili

Mdogo wangu Elieza,

Marahaba. Shikamoo yako imenifikia pamoja na habari za goti la Mama, mpe pole. Mimi mwili mzima, ila tangu jana moyo hauko mahali pake.

Usiibomoe nyumba ya Baba. Nalitanguliza hilo, usije ukashika shoka kabla hujamaliza kusoma.

Jana niliingia ukumbi mmoja hapa mjini kutazama picha za kale za majengo ya Afrika. Nilikwenda kutafuta ugomvi, unanijua. Nikazipita ngome na misikiti, mara nikaona msonge, nyasi zimeshuka hadi chini, na nguzo ya mlango ina kifundo kama sikio la ng'ombe. Elieza, mlangoni amesimama Baba, kijana kuliko mimi sasa!

Unakumbuka alivyotusimulia habari za Mzungu mwenye sanduku la miguu mitatu, enzi za Mjerumani, aliyemwamuru asimame asipumue? Nasi tukimcheka: "Na sanduku likakujibu nini, Baba?" Amekufa tukimwita mwongo.

Chini ya picha wameandika: "Nyumba ya wenyeji, milima ya Upare. Mtu amesimama kuonyesha kimo." Mtu! Aliyekata kila mti wa nyumba ile amegeuzwa rula!

Nikamwita msimamizi, mama mmoja wa miwani. "Huyu ni baba yangu, na ndiye aliyeijenga. Andika jina lake."

"Bwana, yeyote aweza kusema hivyo. Una ushahidi gani?"

"Nguzo hiyo ingali imesimama kwetu Ugweno, huko huko Upare!"

"Basi niletee picha ya nguzo hiyo."

Hapo nilikumbuka barua yangu ya mwezi uliopita: bomoa kibanda hicho cha nyasi, weka mabati, kinatuaibisha. Mimi, ninayegombana na Wazungu kila siku kwa kudharau vya kwetu!

Shuka Same umtafute mpiga picha, umpandishe mlimani. Mama asimame pale pale, mkono juu ya kifundo. Ikiwa umekwisha kubomoa, basi nguzo usiichome, nakusihi. Iegemeze popote, Mama apigwe picha nayo.

Nisalimie mkeo, shemeji yangu, na shangazi yetu wa Maore. Fundi wa mabati mwambie asubiri, matusi yake nitayapokea mimi.

Na Mama mwambie hakuolewa na mwongo.

Kaka yako mwenye aibu,
Naftali