Uzamivu Wangu na Figo za Baba

Jumatatu, 1 Septemba

Imekubali! Miaka yote hii ya uzamivu, na leo hesabu imekubali. Mtu ataishi muda gani baada ya figo kufa — hilo ndilo swali langu zima. Msimamizi wangu, Profesa Hedley, kainama kwenye kompyuta. Kasema: Losi, hii sasa ni tasnifu, acha kulialia, andika. Kwenye grafu, mstari wa uhai wa sisi Wasamoa unashuka kasi kuliko yote. Tukashangilia. Jamani, tulishangilia!

Alhamisi, 11 Septemba

Baba kaanguka kazini. Figo. Zote mbili.

Ijumaa, 12 Septemba

Ataanza mashine ya kusafisha damu. Anamtania nesi eti amfulie na shati. Mama anacheka huku analia. Daktari akieleza, mimi natikisa kichwa tu — kila neno nalijua. Nimeliandika.

Jumamosi

Nimefanya. Nimeingiza umri wa Baba, sukari, moyo kwenye hesabu yangu, nikabonyeza. Namba ikaja. Sitaiandika hata hapa.

Jumanne, 23 Septemba

Hedley kasema hesabu inaeleza kundi, haimjui mtu mmoja. Ninajua! Hayo nawafundisha mwaka wa kwanza kila Jumatano. Kasema nipumzike. Nipumzike wapi? Nyumbani kuna Baba, ofisini kuna mstari.

Jumapili, 5 Oktoba

Naandika nimejifungia chooni kwa Mama, mtaa wa Māngere. Tumetoka kanisani, mezani tele, na Baba kakatazwa karibu kila kitu. Katafuna kuku mkavu, kajigamba kwa wageni: huyu binti yangu anasomea wagonjwa wa figo, atakuwa daktari wa hesabu! Kisha kanigeukia.

"Haya, daktari. Watu kama mimi, hesabu yako inasemaje?"

Mama kasimama na upawa hewani.

Nikasema inategemea. Kasema, inategemea nini? Nikakimbia. Mtu mzima!

Sasa Baba anagonga mlango. Polepole, kwa kidole kimoja.

"Losivale. Mwanangu. Sikuulizi kwa ubaya. Nina miche ya magimbi pale nje, na haya mambo yanavunwa mwakani. Nataka kujua tu, nipande, au nimpe jirani?"

Nimefungua bomba ili asinisikie.

"Nakusikia," anasema. "Mimi nipo tu hapa."

Kakaa chini. Nasikia mgongo wake mlangoni. Nikifungua, ataanguka kwa nyuma. Nisipofungua —