Shafti ya Ngige

Kitale, 14 Mei 2006

Kwa mwanangu Hesbon, rafiki wa Ngige wangu,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi tu wazima, na mvua haijatuacha. Wewe na mama yako huko Bungoma mwaendeleaje? Mwambie ndizi alizoleta kwenye mazishi ya Ngige ziliiva zote siku moja, tukawagawia majirani.

Nimempa Kimaiyo, anayepitia huko na pikapu yake akienda Chwele, ile shafti, chuma cha mviringo kinachozunguka katika mashine mliyoiunda na Ngige chuoni. Ngige alikuja nayo Pasaka. Niliikuta ndani ya sweta yake, chini ya kitanda alichougulia. Ilikuwa na madoa, nikaisugua kwa waya wa sufuria na majivu mpaka ikang'aa. Sikutaka kitu chake kirudi kwa watu kikiwa kichafu.

Aliniambia inazunguka hewani, imeshikwa na sumaku tu. Nikamwambia, "Hata gurudumu la mkokoteni linagusa kitu." Akacheka. "Si uje uone, mama." Sikuja. Kulikuwa na mahindi ya kupalilia.

Mkiizungusha, niite.

Mama yako, Nyaruai

Bungoma, 2 Juni 2006

Mama,

Pokea salamu zetu. Miguu bado inakusumbua?

Shafti ilifika. Nimekawia kwa sababu sikujua niandike nini. Mashine ina vipimo vinavyotazama uso wa shafti na kuiambia kompyuta inapoyumba, ili sumaku ziirudishe katikati. Sasa vinaona mikwaruzo, vinadhani inayumba hali imetulia. Sumaku zinavuta bure, inatetemeka, inaanguka. Mwezi ujao mkuu wa chuo anakuja kuiona. Shafti isipoelea, mashine itavunjwa, chumba wapewe wa ushonaji.

Usijilaumu. Hakuna aliyekuambia kwamba ni uso wake unaosomwa.

Mwanao, Hesbon

Kitale, 9 Juni 2006

Hesbon,

Salamu tu. Tangu barua yako ifike naitazama mikono yangu.

Ngige akiwa darasa la pili niliifua kofia yake ya shule mpaka beji ikafutika. Akaivaa hivyo hivyo.

Hakuna njia?

Mama Nyaruai

Bungoma, 19 Julai 2006

Mama,

Natumaini hujambo. Sisi tuko salama, ila usingizi ni haba.

Njia ilikuwepo, na ni ya Ngige. Kabla ya Pasaka tulikuwa tunabishana. Programu yangu ya kuongoza sumaku ilikwenda kasi sana, mradi shafti iwe vilevile tulivyoipima. Yake ilikuwa ya polepole. Aliiandikia shafti yoyote inayokaribia ile: iliyozidi uzito kidogo, iliyopinda kidogo, hata iliyokwaruzika. Nilimtania, "Wewe bana, unakitandikia chuma godoro."

Jana niliiweka ya kwake. Shafti ikainuka, ikakaa. Haifiki kasi tuliyoahidi, lakini haigusi kitu.

Mkuu anakuja Jumatano. Njoo Jumanne, kabla ya wageni.

Mwanao, Hesbon

Kitale, 30 Julai 2006

Mwanangu Hesbon,

Nilifika salama. Miguu imevimba kidogo, si neno. Mshukuru mama yako kwa chai na kwa kunisindikiza.

Uliponiambia niweke kiganja mezani, nilingoja mtetemo kama wa kinu cha posho. Meza ilitulia kabisa. Nikadhani mashine imesimama, mpaka uliposogeza karatasi karibu nayo ikapepea. Ngige angekuwapo angesema, "Si nilikuambia, mama." Nimelisikia neno hilo njia nzima, hadi langoni.

Kimaiyo anasema mmeruhusiwa kukaa na mashine mpaka Desemba. Basi ninaomba kitu kimoja. Siku utakapoizungusha tena, hata kama ni kwa muda mfupi, unikumbuke.

Mama yako, Nyaruai