Mwite Mzee Kabla ya Kona

Mjomba Hoza,

Kuanzia Mombo mpaka Bumbuli hakuna dereva anayenifikia. Hata ukifufuka leo utaniomba lifti, nami nitakuweka siti ya nyuma, ufunge mkanda, unyamaze. Juzi nimepandisha pikapu ya jirani yako imejaa kabichi, kona zote za Soni, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika hindi la kuchoma. Watoto wa shule wakanipigia makofi. Sawa, walikuwa wawili, na mmoja alikuwa anataka hindi.

Shikamoo. Nimeshakuitikia marahaba mwenyewe, maana hukupenda salamu ining'inie hewani.

Nakuandikia nikiwa kwenye siti yako, ndani ya gari lako, hapa nyuma ya jiko. Halijatoka hapa uani tangu tukuzike. Kuku wa mkeo, Shangazi, wanatagia kwenye buti, na vioo vimeanza kuota ukungu wa kijani pembeni. Jumamosi anakuja mtu kutoka Magoma na mnyororo, alivute mpaka chini akalifungue auze vipuri. Shangazi ameshakubali. Hataki hata kupita upande huu; akienda kutafuta kuni anazungukia kwenye migomba. Siku ile tunakuleta nyumbani gari lilipoingia mtaroni kwenye kona ya chini ya kanisa, na wanaume wakalitoa jeneza na kukubeba mabegani, yeye alisimama akatazama tu. Usiku wa tatu wa matanga akasema, "Gari lililomkataa mwenyewe siku yake ya mwisho, mimi sikai nalo."

Ndiyo maana nimekuja kukaa nalo mimi.

Unakumbuka siku ya kwanza uliyonipa usukani? Nilikuwa nimetoka kuacha shule kidato cha pili, na wewe ukaanza kuniita Profesa mbele za watu. Nikafika kwenye kilima, nikakanyaga mafuta. Kimya. Nikakanyaga tena. Kimya. Nikasema, "Mjomba, umeuziwa gari bovu." Ulicheka mpaka kofia ikaanguka miguuni.

"Si bovu, Profesa. Mzee wa ndani ya turbo bado anavaa viatu. Hesabu. Moja... mbili..."

Kwenye mbili gari likaruka kama limechomwa sindano, nami nikalia kama mbuzi. Ulilisimulia hilo mpaka kwenye harusi ya watu tusiowajua.

Turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, ikawa Mzee. Giaboksi ukaliita Karani, kwa sababu hili gari ni otomatiki, linajichagulia gia lenyewe, na kila ukiliomba kitu linapekua makaratasi kwanza: linachukua ya tatu, linaghairi, linarudi ya pili, linaghairi tena, na wewe unasubiri dirishani. "Usimwachie Karani aamue mlimani," ulisema. "Toa kwenye D, weka L mwenyewe, gia nzito, kabla ya kona. Halafu mwite Mzee mapema, bado uko kwenye njia iliyonyooka. Ukimwita ukiwa katikati ya kona atachelewa, na akija anakuja amekasirika." Kisha honi mara mbili, kupiga hodi kwa anayeshuka, ndipo unaingia.

Na kushuka hivyo hivyo, injini ishike mzigo, breki zipumzike. Wale wageni wa mjini walioshuka breki zinatoa moshi ulikuwa unawanusa toka mbali: "Huyo anachoma mishikaki."

Nilijifunza, Mjomba. Sikusifu, najisifu. Mwaka wa pili nilikuwa nakupandisha Bumbuli kwenye dawa zako na wewe umesinzia, kichwa kwenye kioo, na kikombe cha chai hakimwagiki. Ukiamka unauliza, "Tumeshafika?" kwa sauti ya mtu aliyenyimwa raha ya kulalamika. Hukuwahi kunisifu hata siku moja. Ila pale hospitali, siku za mwisho, ulimshika Shangazi mkono ukamwambia, "Kunirudisha nyumbani anirudishe Profesa. Na gari langu." Nilikuwa mlangoni na sufuria ya uji. Niligeuka nikajifanya natafuta kijiko.

Basi.

Mafundi wawili kutoka Soni wamelipima giaboksi. Wamepima oili, wamelisikiliza, wamelipeleka mbele na nyuma hapa uani, hawajaona kitu. Nikawaambia wamepima vibaya. Nimemwambia Shangazi lilikataa. Nimemwambia Mchungaji lilikataa. Nimelisema mara nyingi mpaka juzi nikajikuta nalilaumu kweli, nalipiga teke tairi.

Kesho asubuhi, kabla Shangazi hajabandika chai, nitakaa jikoni kwake nimwambie. Akinichapa na mwiko nitasimama hapo hapo. Akinisamehe namketisha huku kushoto, kuku nje, na tunaipanda ile kona mimi na yeye: L kabla, Mzee nimemwita mapema, honi mbili. Mtu wa Magoma arudi na mnyororo wake. Hiyo nakuahidi. Pumzika, Mjomba, wala usinyanyue kichwa kuangalia njia.

Lakini maneno yenyewe bado yananikwama, kwa hiyo yasikie wewe kwanza.

Karani hakukosa. Mzee hakukosa. Niliona kwaya imejipanga juu ya kona, kijiji kizima kinatazama, nikataka waone Hoza alimfundisha nani. Niliacha kwenye D. Mkono mmoja. Niliingia taratibu kwa maringo, nikakanyaga katikati ya kona, kimya, nikakanyaga mpaka chini, na Mzee akaja mzima mzima kwa mkupuo, matairi yakazunguka kwenye tope, nikasikia jeneza lako linagonga ubavuni.

Sikuhesabu hata moja. Gari halikukukataa, Mjomba. Ni mimi niliyekuangusha.

Mpwa wako,
Profesa